Mpako utalika lini, na utakufaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mipako kwenye vyuma vinavyosuguana

Haya ni maswali ambayo nayajibu karibu kila wiki, kutoka kwa mafundi, wanafunzi na watu wa matengenezo, nimeona niyaweke pamoja ili mtu asome kwa nafasi yake. Nimeyapa namba kwa sababu majibu yanategemeana sana, ukikuta nimesema rudi swali fulani basi rudi kweli, pale ndo nimeeleza vizuri.

## Mambo ya mwanzo

1. Tunaposema mpako hapa tunamaanisha nini? Rangi nayo imo?

Rangi ya kawaida haimo. Tunaongelea tabaka linalowekwa juu ya chuma ili kiteleze vizuri au kisilike haraka, ile rangi ya dhahabu kwenye biti za kutobolea (titaniamu naitraidi, wengi wanaandika TiN), kaboni nyeusi inayofanana na almasi ambayo inaitwa DLC, kromu ngumu kwenye rodi za haidroliki, nikeli, kabaidi ya tangsteni inayopuliziwa kwa moto, na zile laini kama PTFE (Tefloni) na molibdenamu disalfaidi, yaani MoS2.

Unene wake unatofautiana mno na hii watu wanaisahau. TiN na DLC mara nyingi ni mikroni 1 mpaka 5 tu. Unywele wa binadamu ni kama mikroni 70, kwa hiyo hapo unalinda mashine nzima kwa kitu chembamba kuliko unywele mara ishirini hivi. Kromu ngumu inaweza kuwa makumi ya mikroni na kuendelea, na ile ya kupulizia inafika mia na zaidi.

2. Mpako unakufaje hasa?

Hili ndo swali la kwanza kabla ya hesabu yoyote, na kama ungesoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu ningependa liwe hili.

Kuna saa mbili zinakwenda kwa pamoja. Saa ya kwanza ni ya kulika polepole, kila pita inaondoa kidogo mpaka unafika kwenye chuma cha chini. Saa ya pili ni ya kuchoka na kupasuka, mpako bado ni mnene vizuri tu lakini ndani yake au kwenye mshikamano wake na chuma nyufa zinakua, halafu siku moja kipande kinabanduka. Saa ya kwanza ina fomula nzuri na data nyingi. Ya pili ni ngumu kutabiri. Watu wengi wanahesabu ya kwanza, wanapata miezi kadhaa, wanafurahi, kumbe ya pili ilikuwa inalia wiki ijayo.

Kwa hiyo kutabiri maisha ya mpako maana yake ni kujua saa ipi italia kwanza kwenye mashine YAKO, siyo kwenye kipeperushi cha muuzaji.

3. Mpako mgumu zaidi si ndo unadumu zaidi?

Siyo lazima. Ugumu unasaidia pale adui ni mchanga au chembe ngumu zinazokwaruza. Lakini kwenye kuteleza chuma kwa chuma kuna mambo mengine, msuguano wenyewe, mshikamano, na kama chuma cha chini kinaweza kuubeba huo mpako. TiN ina ugumu wa kama gigapaskali 20 na kitu, ila ikiteleza kavu kwenye chuma namba ya msuguano (ile µ) inakuwa kwenye 0.5 mpaka 0.7, ambayo siyo ndogo hata kidogo. MoS2 ni laini, unaikwaruza hata kwa ukucha, lakini kwenye ombwe (mahali pasipo na hewa) inateleza kwa µ chini ya 0.05 na ndo maana inatumika kwenye vyombo vya angani.

Pia mpako mgumu sana usionyumbulika ukiwekwa juu ya chuma laini ni kama ganda la yai juu ya mto wa sufi. Zaidi kwenye swali la 9.

4. Msuguano ukiwa mdogo, si na kulika kutakuwa kudogo?

Hapana, ni vitu viwili. PTFE tupu ina msuguano mdogo mno na bado inalika haraka sana, ndo maana wanaichanganya na nyuzi za glasi, kaboni au bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) iliyosagwa. Pima vyote viwili, usikisie kimoja kutoka kwa kingine.

## Hesabu

5. Fomula ya kuanzia ni ipi?

Ni ya Archard, ya mwaka 1953, na mpaka leo ndo inayotumika kuliko zote:

V = k × F × s

V ni ujazo ulioliwa kwa mm³, F ni mzigo kwa nyutoni, s ni umbali wa kuteleza kwa mita, na k ni namba ya kulika kwa mm³ kwa kila nyutoni-mita. Ukigawa kote kwa eneo la mgusano unapata kina, h = k × p × s, ambapo p ni mgandamizo. Hii ya pili ndo tunayoitaka kwa sababu mpako una unene, na tunauliza kina kitafika lini kwenye unene huo.

Ili upate picha ya k: kuanzia 10⁻³ hivi ni kulika vibaya, chuma kinachunika. 10⁻⁶ ni kulika kwa upole. DLC nzuri ikiwa kwenye mazingira yake inafika 10⁻⁷ na hata chini zaidi.

6. Naomba mfano wenye namba.

Sawa, twende taratibu. Una kitalu, yaani kipande kidogo cha chuma kilichopakwa, uso wake ni mm 4 kwa upande wa mwendo na mm 5 kwa upana, eneo mm² 20. Kinabanwa kwa nyutoni 100, kwa hiyo mgandamizo ni megapaskali 5. Mpako ni mikroni 3. Kinakwenda na kurudi juu ya bamba, mm 20 kwenda na mm 20 kurudi, mara 50 kwa dakika.

Tuseme k umeipima na ni 10⁻⁶. Kila mita inakula 5 × 10⁻⁶ za milimita, yaani nanomita 5. Mikroni 3 ni nanomita 3,000, gawanya kwa 5, unapata mita 600. Kila mzunguko ni mm 40, kwa hiyo dakika moja ni mita 2, na mita 600 zinaisha kwa dakika 300. Masaa matano! k ikiwa 10⁻⁷ inakuwa masaa 50. Sasa umeona kwa nini sifuri moja kwenye k ni jambo zito.

Halafu kuna kitu ambacho kinawapiga chenga hata watu wenye digrii. Hayo masaa ni ya mpako ulio kwenye KITALU, ambacho kinagusa muda wote. Ungekuwa umepaka bamba badala yake, nukta moja katikati ya bamba inaguswa tu kitalu kinapopita juu yake, kila pita inasuguliwa mm 4, kwa mzunguko ni mm 8 siyo mm 40. Kwa k ileile bamba linadumu mara tano zaidi. Kabla hujahesabu jiulize hii nukta ninayoiangalia inasuguliwa umbali gani kweli, siyo mashine imetembea umbali gani.

7. k naipata wapi? Nimeona jedwali kwenye katalogi, naweza kuchukua ya hapo?

Kwa kulinganisha mpako A na B unaweza, kwa kutabiri masaa usithubutu. k siyo mali ya mpako kama uzito au rangi, ni mali ya jozi nzima, mpako, mwenzake anayesuguana naye, ukwaru wa nyuso zote mbili, mafuta, unyevu, kasi, joto. Badilisha mwenzake kutoka chuma kwenda aluminia (keramiki, siyo alumini) na k inaweza kuruka mara kumi au mia, mpako haujabadilika chochote.

Ipime mwenyewe kwenye hali inayofanana na ya mashine yako, angalia swali la 12. Na ukishapima chukua mteremko wa ile sehemu iliyotulia ya grafu, siyo ya mwanzo, manake mwanzoni nyuso zinazoeana na zinalika haraka. Ila usisahau kuitoa hiyo hasara ya mwanzo kwenye unene, kama kuzoeana kumekula nusu mikroni basi una mikroni 2.5 za kuchezea, siyo 3.

8. Nimesikia kuna njia ya nishati, inazidi Archard kwa lipi?

Inazidi pale msuguano unapobadilika njiani. Badala ya kuhesabu mzigo mara umbali unahesabu nishati iliyopotea kwa msuguano, E = µ × F × s. Kwenye mfano wetu wa swali la 6, kwa µ ya 0.2, mita 600 ni joule 12,000 zimekula mm³ 0.06. Sasa kama mafuta yamepungua na µ ikapanda mpaka 0.4, Archard ukiwa na k ileile haoni kitu, lakini nishati inaona kwamba kila mita sasa inapiga mara mbili. Mi napenda njia hii pia kwa sababu µ unaweza kuirekodi muda wote mashine ikiwa inatembea, kulika huwezi bila kuisimamisha.

Watafiti wa mipako wanaitumia hivi: wanajumlisha nishati iliyomwagwa kwenye eneo dogo mpaka mpako ufe, wanachora mgandamizo au nishati ya kila pita dhidi ya idadi ya mapito hadi kufa, wanapata mkunjo unaofanana na ule wa uchovu wa vyuma. Ukishakuwa na huo mkunjo kwa jozi yako una kitu cha kushika.

## Kupasuka na kubanduka

9. Mpako wangu haujalika hata nusu lakini umebanduka vipande. Kwa nini?

Hiyo ni saa ya pili ya swali la 2. Nikupe mfano wa gololi ya chuma ya kipenyo mm 6 ikibanwa kwa nyutoni 10 tu juu ya bamba la chuma. Kwa hesabu za Hertz (za tangu 1882) duara la mgusano lina nusu kipenyo cha kama mikroni 58, na mgandamizo wa katikati ni kama gigapaskali 1.4. Nguvu ya kukata kubwa kuliko zote haiko juu, iko kama mikroni 28 chini ya uso. Sasa mpako wako ni mikroni 3. Maana yake anayebeba mzigo ni chuma cha chini, mpako uko juu tu unafuata. Chuma kikibonyea mpako unalazimika kupinda nacho, na kama ni mgumu usiopinda unapasuka.

Msuguano nao unaharibu zaidi. µ ikipita 0.3 hivi ile nguvu kubwa ya kukata inapanda kuja juu usoni kabisa, na nyuma ya kitu kinachoteleza mpako unavutwa, siyo kubanwa. Keramiki kama TiN inavumilia kubanwa, kuvutwa haivumilii. Ndo maana ukiweka sampuli chini ya hadubini unaona nyufa zimejipinda kama magamba ya samaki zikifuatana nyuma ya mwendo. Ukiona hayo magamba usipoteze muda kuhesabu k.

Nakumbuka shafti moja niliyoihesabia mwenyewe, kwa kulika ilitakiwa ifike karibu miezi miwili. Siku ya tisa imefunguliwa, katikati mpako unang'aa kama mpya na unene nimeupima haujashuka, lakini pale bushi inapoishia kuna ukanda wa upana wa kama mm 2 umemenyuka kama ganda la yai lililochemshwa. Shafti ilikuwa inapinda kidogo, mzigo wote unakaa kwenye ukingo wa bushi. Nilikuwa nimegawa mzigo kwa eneo lote kana kwamba bushi inagusa sawasawa. Tangu hapo kingo nazihesabu kwanza.

10. Basi niweke mpako mnene zaidi?

Kwa kromu na ya kupulizia, mara nyingi ndiyo, mpaka kiasi. Kwa TiN na ndugu zake angalia sana. Mipako hii inatoka kwenye mashine ikiwa na mbano wa ndani wa gigapaskali kadhaa, mbano huo ni mzuri kwa sababu unazifunga nyufa, lakini kadiri unene unavyoongezeka nishati iliyofungiwa ndani inaongezeka nayo na siku ikipata upenyo inaurusha mpako wenyewe, hasa kwenye kona kali. Unazidisha unene kununua muda kwenye saa ya kwanza, unaupoteza kwenye ya pili.

Dawa ambayo huwa inafanya kazi ni kuimarisha chini: chuma kigumu zaidi, au kukipitisha kwenye naitrojeni kwanza ili kiwe kigumu kwa kina cha mikroni mia hivi halafu ndo upake, na kuweka tabaka jembamba la kromu au titaniamu katikati la kushikanisha. Na uliza joto la kazi ya upakaji kabla hujapeleka kitu. TiN kwa kawaida inapakwa kwenye nyuzi 450 hivi, chuma kilichotempwa (kilichopashwa tena baada ya kugumishwa) kwa nyuzi 200 kikiingia humo kinatoka laini, mpako mzuri juu ya mto, tumerudi kule kwenye swali la 3.

11. Ripoti inasema mzigo wa kuvunjika kwenye jaribio la mkwaruzo ni nyutoni 40. Mi nafanya kazi kwa nyutoni 30, niko salama?

Hapana, na hili kosa ni la kawaida mno. Lile jaribio linatumia ncha ya almasi yenye nusu kipenyo cha mikroni 200, inaburutwa mara moja huku mzigo unapanda, na wanaandika mzigo ambao nyufa za kwanza zimetokea, halafu ule ambao mpako umebanduka. Ncha yako siyo hiyo, wewe unapita mara milioni siyo mara moja, na namba yenyewe inabadilika na unene wa mpako, ugumu wa chuma cha chini, hata uchakavu wa ile almasi. Itumie kulinganisha kazi ya leo na ya mwezi uliopita kutoka kwa mpakaji yuleyule. Hapo ni dhahabu.

Kama huna mashine ya mkwaruzo lakini una ya kupimia ugumu ya Rockwell C, bonyeza kwa kilo 150 zile za kawaida halafu angalia pembeni ya shimo kwa hadubini, mara 100 inatosha. Nyufa nyembamba kama miale ya jua ni sawa. Mpako ukiwa umetoka kuzunguka shimo, daraja HF5 au HF6 kwenye ile chati ya Kijerumani ya mshikamano (HF1 ndo nzuri kuliko zote, HF6 ndo mbaya kuliko zote), rudisha kazi.

## Kupima

12. Nifanyeje jaribio la pini na diski liwe na maana?

Ni lile jaribio ambalo pini au gololi inabanwa juu ya diski inayozunguka. Kwanza jua kwamba linadanganya kwa mgandamizo. Ile gololi ya swali la 9 inaanza na wastani wa karibu gigapaskali 0.95, lakini ikishalika ikapata kibapa cha kipenyo cha nusu milimita, mzigo uleule wa nyutoni 10 sasa unagawanywa kwa mm² 0.196 na mgandamizo umeshuka mpaka megapaskali 51. Umeanza jaribio moja umemaliza jingine. Kwa hiyo kama mashine yako ina nyuso bapa, tumia pini bapa ingawa kuipanga sawasawa ni kazi.

Pili, mwenzake awe ndo yuleyule wa kwenye mashine, chuma kilekile, ukwaru uleule. Tatu, andika unyevu wa hewa, sababu iko swali la 16. Nne, usipime mara moja. Fanya angalau tano, kwa sababu kubanduka kunategemea kasoro ndogo zilizotawanyika na kasoro hazikai sawa kwenye kila sampuli. Halafu usitoe wastani ukaishia hapo, panga kwa Weibull (njia ya takwimu ya kupanga muda wa vifo), uone masaa ambayo 10 katika kila 100 watakuwa wamekufa. Mwenye mashine anachoogopa ni wale kumi wa mwanzo. Na namba ya umbo la Weibull yenyewe inasema kitu, ikiwa karibu na 1 vifo ni vya bahati mbaya (kasoro, chembe iliyoingia), ikiwa 3 au 4 na kuendelea ni uchakavu wa kweli unaoeleweka.

13. Naweza kuongeza mzigo ili jaribio liishe haraka?

Unaweza kidogo, lakini kuna ngazi. Chini ya mzigo fulani kulika ni kwa upole, ukiipita ngazi hiyo kunakuwa kukali ghafla, k inaruka mara mia, na inakuwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Ukipima juu ya ngazi ukatabiri chini yake umepoteza muda. Pima kwa mizigo mitatu, minne, kama ulikaji unapanda kwa mstari ulionyooka uko salama, ukiona umepinda rudi nyuma. Kuongeza kasi nako kunaongeza joto kwenye vincha (vilele vidogo vya nyuso) vinavyogusana, tahadhari ni ileile.

14. Unene nitaupimaje bila vifaa vya gharama?

Kwa gololi inayozunguka ikiwa imepakwa uji wa almasi. Inakata kikombe kidogo kinachopita kwenye mpako mpaka chini, ukiangalia kwa hadubini unaona miduara miwili, wa nje kwenye uso na wa ndani pale chuma kinapoanza. Unene = (kipenyo cha nje² − cha ndani²) ÷ (mara nne ya kipenyo cha gololi). Gololi ya mm 30, nje mm 0.8, ndani mm 0.5: 0.64 toa 0.25 ni 0.39, gawa kwa 120, unapata mm 0.00325, yaani mikroni 3.25. Fanya kwenye kona na kwenye mashimo pia siyo usoni tu, mashine za ombwe hazipaki kila mahali sawa.

## Kwenye mashine yenyewe

15. Oili si inamaliza matatizo yote haya?

Inapunguza sana, ila angalia pale mwendo unapogeuka. Kwenye mwisho wa kila kwenda na kurudi kasi ni sifuri, utando wa mafuta unakatika na nyuso zinagusana, ndo maana silinda nyingi zinalika zaidi pale juu ringi inapogeukia.

Halafu viungo vya ndani ya oili vilitengenezwa kwa ajili ya chuma na chuma. Vingi vinafanya kazi kwa kuungana na uso wa chuma, DLC haiungani navyo kirahisi hivyo. Na kuna kimoja, MoDTC (kiungo chenye molibdenamu), ambacho kinapunguza msuguano vizuri lakini DLC yenye haidrojeni ikisuguana na chuma ndani ya oili yenye hicho, DLC inaweza kulika haraka kuliko kwenye oili isiyo nacho. Kwa hiyo ukibadilisha oili umebadilisha jozi, k ya zamani itupe.

16. Unyevu na joto vina shida gani?

Kubwa. MoS2 inapenda ukavu, kwenye hewa yenye unyevu msuguano unapanda na maisha yanafupika sana. DLC isiyo na haidrojeni ni kinyume, inataka unyevu kidogo, ikikosa inashika. DLC yenye haidrojeni inafurahia ukavu. Unaona, mpako wa rangi ileile na jina lilelile unaweza kuwa na tabia mbili tofauti, muulize mpakaji ni ipi.

Joto: DLC ya haidrojeni inaanza kuharibika kuanzia nyuzi 300 hivi, TiN inaanza kuungua na oksijeni kwenye nyuzi 500 na kitu, ukiongeza alumini ndani yake inavumilia zaidi. Na kumbuka joto la kwenye vincha vinavyogusana ni kubwa kuliko la mwili wa mashine unalolipima kwa kipimajoto.

17. Nitajuaje mwisho umekaribia bila kufungua?

Angalia msuguano, au kama huna kipimo angalia umeme unaovutwa na mota na joto la bushi. Kulika kwa upole hakuonekani, grafu imelala. Kabla ya mpako kufa mara nyingi grafu inaanza kutetemeka, inapanda kidogo inashuka, inapanda tena, hapo kuna vipande vinatoka na kusagwa. Sauti za masafa ya juu zinawahi zaidi kwa sababu ufa ukikua unapiga kelele ambayo sikio halisikii. Oili nayo ichunguze, chembe za chuma cha chini zikianza kuonekana ujue mahali fulani mpako umeisha.

18. Sehemu ndogo tu imetoka, naweza kuendelea kutumia?

Kama mpako ni laini (PTFE, MoS2) mara nyingi unaweza kwa muda, vumbi lake linahamia kwa mwenzake na linaendelea kulainisha. Kama ni mgumu, ningesimamisha. Vile vipande vya TiN vilivyobanduka ni vigumu kuliko chuma chochote kilichopo hapo, vinanaswa katikati na vinasaga pande zote mbili kama msasa, na pale chuma kilipobaki wazi kinashikana na mwenzake. Nimeona kidoa cha kama punje ya mtama kikawa mkwaruzo wa shafti nzima ndani ya zamu moja.

19. Nipake upande mmoja au pande zote mbili?

Kwa kawaida mmoja, na uwe ule ulio mgumu kubadilisha, mwenzake umwache alike. Ila kabla ya kuanza hakikisha uso uliopakwa umesuguliwa laini, upakaji wa tao la umeme unaacha matone madogo yaliyoganda na yanamla mwenzake kama tupa siku za mwanzo. DLC kwa DLC inafanya kazi vizuri sehemu nyingi. TiN kwa TiN kavu sijawahi kuipenda.

## Hali za pembeni

20. Mwendo wangu ni mdogo sana, kama mtetemo tu. Hesabu hizi zinafaa?

Kwa uangalifu. Mwendo ukiwa chini ya mikroni 100 hivi vumbi halipati njia ya kutoka, linakaa katikati na linakuwa tabaka la tatu lenye tabia yake. Kwenye chuma utaona unga mwekundu wa kahawia kama kutu. Saa ingine unga huo unalinda, saa ingine unasaga. Hapa njia ya nishati ya swali la 8 inafaa kuliko Archard, ila pima mteleko halisi kwenye mgusano wenyewe, manake sehemu kubwa ya mikroni zako inaweza kuwa ni chuma kinanyumbuka tu bila kuteleza.

21. Programu ya kompyuta haiwezi kunihesabia yote?

Sehemu ya kulika inaweza vizuri. Unachora umbo, programu inapata mgandamizo kila nukta, inaondoa kina kidogo kwa h = k × p × s, inachora upya, inarudia. Hii ingeniokoa kwenye ile shafti ya swali la 9 kwa sababu ingeonyesha ukingo wa bushi mara moja. Lakini k ni wewe unayeiingiza, na nguvu ya mshikamano pia. Programu zinazojifunza kutoka kwenye data nazo ni hivyohivyo, zinajaza vizuri katikati ya hali zilizowahi kupimwa, nje ya hapo zinakisia kwa sauti ya kujiamini.

22. Mashine inakaa miezi bila kutumika, mpako unachakaa ukiwa umesimama?

Kwa kuteleza, hapana. Lakini mipako myembamba ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji yakipita pale kutu inatambaa CHINI ya mpako, uso unang'aa kama kawaida na mshikamano umeshakwenda. Siku ya kuwasha vipande vinatoka ndani ya dakika za kwanza na mtu analaumu mzigo. Ukiona vidoa vidogo vya rangi ya chungwa kwenye shafti iliyokaa muda mrefu, bonyeza kwa Rockwell (swali la 11) pembeni ya kidoa, mahali ambapo bushi haifiki, kabla hujaiwasha.